Tope la Ndiva

Mtu mmoja alikuwa na bwawa lisilokuwa lake, na binti aliyekuwa wake. Bwawa lilikuwa mali ya mji mzima. Yeye alikuwa mlinzi wake tu, kama walivyokuwa baba yake na babu yake. Aliitwa Senkondo. Alikuwa na fimbo ndefu ya mti wa mlama, na kwa fimbo hiyo alizibua tundu la bwawa kila alfajiri ili maji yashuke mferejini, na kwa fimbo hiyo akaliziba jioni ili maji ya mlimani yajae tena. Watu wa milima ile huliita bwawa la namna hiyo ndiva. Migomba yao, maharage yao, ng'ombe wao wa zizini na watoto wao wenye kiu, wote waliishi kwa ndiva.

Mji ule ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilisema: mwanamke asikanyage ukingo wa ndiva, maana akiukanyaga, maji yatakauka. Ya pili ilisema: asiyeshika tope hashiki neno. Kwa maana kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, ndiva ilikaushwa, na wanaume wote wakashuka kuzoa tope lililotuama chini yake. Kazi hiyo ya pamoja waliiita msaragambo. Ilipokwisha, baraza liliketi papo hapo ukingoni kugawa zamu za maji za mwaka mzima, na katika baraza hilo hakusema mtu ila yule aliyeshika tope siku ile.

Sheria ya pili ilikuwa ya haki, na watu walijivunia sheria hiyo. Tajiri aliyebaki kitandani hakuwa na neno. Maskini mwenye tope magotini alisikilizwa. Lakini mwanamke hakuweza kushika tope, kwa kuwa hakuruhusiwa kukanyaga ukingo. Na kwa kuwa hakushika tope, hakuweza kusema kwamba angependa kuukanyaga. Mji ulizunguka ndani ya duara hilo kama ngamia wa kinu aliyefungwa macho, ukadhani umesafiri.

Binti wa Senkondo aliitwa Nakijwa. Alikuwa mtoto wa pekee. Aliondoka mjini kwenda kusoma, akabaki huko alikokwenda, akawa mtetezi wa wanawake. Alisema katika kumbi kubwa, na sauti yake ikasikika redioni. Wanaume wa mji wake waliposikia asemayo walitikisa vichwa, wakasema amepotoka. Waliposikia kwamba wageni wa mbali wamempigia makofi, wakasema ni wetu yule. Na kwa kuwa sifa ni tamu hata ikitoka katika mti usioupenda, wazee walimwita aje kusema maneno mawili siku ya msaragambo.

Alifika nyumbani alasiri ya siku ya kuamkia kazi. Alimwamkia baba yake, akamkumbatia mama yake, akaketi kwenye kigoda kilekile alichokikalia utotoni, magoti yakamfika kidevuni.

"Wamekuwekea kiti," baba akasema. "Na turubai. Na kipaza sauti cha kukodi."

"Wapi, baba?"

"Chini ya ukingo, kwenye mafiga ya kina mama. Wanaume watakuwa wanakunywa uji. Watakusikia."

Mama alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso, ila mabega yalitikisika kwa kicheko. "Watasikia uji unavyoshuka kooni, baba Nakijwa. Nani amewahi kusikia neno huku anapuliza uji wa moto?"

Nakijwa akauliza, "Baba, wewe unaamini kwamba maji yatakauka?"

Senkondo alilitazama swali hilo kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia. Alikuwa ameilinda ndiva tangu ujana wake. Alijua ni wapi maji huvuja na ni mwezi gani hupungua. Lakini hilo hakuwa amewahi kulipima. "Sijui," akasema. "Sijapata kuuliza. Baba yangu naye hakuuliza."

"Mimi nimekunywa maji ya ndiva ile tangu nilipoolewa," mama akasema, akiendelea na mchicha wake. "Nimeyapikia, nimeyafulia, nimekuogeshea wewe. Sijapata kuona yanakolala."

Basi Senkondo akaogopa, maana aliijua sauti ya nyumba yake inapokaribia neno kubwa. Akamgeukia bintiye. "Mwanangu, usipande ukingo. Nyumba ikinyang'anywa fimbo hupewa zamu ya mwisho, na zamu ya mwisho ni ile ya adhuhuri, ambayo jua huinywa njiani kabla haijafika shambani. Mama yako hana kitu ila yale maharage. Na mimi sina mwana wa kunirithi. Fimbo ikitoka mkononi mwangu hairudi."

Nakijwa aliutazama mkono wa kulia wa baba yake, uliodhoofika tangu alipougua mwaka uliopita, ambao sasa aliupumzisha juu ya paja kana kwamba ni kitu alichoazimwa. "Sitapanda kusema, baba," akajibu.

Mlinzi akafurahi. Hakuuliza kama kuna jambo jingine ambalo mtu angeweza kulipandia.

Asubuhi ndiva ilikuwa tupu. Wanaume walijipanga msururu mmoja, kuanzia chini topeni, kupanda ukingo, kuvuka juu yake, na kushuka upande wa nje hadi palipotupwa tope. Waliokuwa chini walijaza makarai, na kila karai lilipanda kutoka mkono hadi mkono. Kazi hiyo ina sharti moja, nalo si la wazee bali la tope lenyewe: msururu usikatike. Karai likiwekwa ukingoni, tope huteleza na kurudi lilikotoka, na jasho la walio chini huwa bure. Kwa hiyo waliimba, ili mikono yote iende kwa pumzi moja:

*Pokea nami nipewe, tope lisije kusita;*
*Mkono usichelewe, maji yataka kupita.*

Senkondo alisimama juu kabisa ya ukingo, mahali pa mlinzi, fimbo yake ameichomeka ardhini kando yake. Kulia kwake palikuwa mahali pa mwana. Hapo husimama yule atakayeirithi fimbo, apokee tope kutoka mkononi mwa baba yake. Kwa kuwa Senkondo hakuwa na mwana, alisimama hapo Kiondo, mtoto wa mdogo wake, kijana mwenye kifua kipana na ulimi mwepesi kuliko kifua.

Mkono wa mlinzi ulichelewa. Kila karai lilipomfikia lilikaa kidogo, na nyuma yake makarai yakabanana kama mbuzi mlangoni.

"Baba mkubwa," Kiondo akasema kwa sauti ya kusikika, "hapa tunalihamisha tope au tunalibembeleza?"

Watu wakacheka. "Mwache mzee," mwingine akadakia kutoka chini, "anaagana nalo!" Wakacheka tena, naye Senkondo akacheka nao, maana kicheko cha wengi ni mvua, usipokuwa na paa, afadhali uoge.

Lakini Kiondo alionja kicheko kile, akataka zaidi. "Kama mkono umechoka, si umwite mwanao wa kiume ashike nafasi?"

Hapo hakucheka mtu. Walimjua Senkondo, na walijua kwamba neno lile lilikuwa limevuka mpaka wa utani. Kiondo naye aliliona, na kwa kuwa hakujua namna ya kulirudisha, akajifanya amekasirika. Akajitoa katika msururu. "Nitarudi mkono huo ukipona," akasema, akateremka kwenda kutafuta uji.

Hivyo nafasi ya mwana ikabaki wazi.

Ng'ambo ya nafasi hiyo alikuwapo Mchome, jirani yao, amenyoosha mikono, lakini palikuwa mbali. Nyuma ya Senkondo mtu alikuwa amekwishainua karai jingine. Lile lililokuwa mikononi mwake lilijaa pomoni. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na tone la tope likamdondokea mguuni. Wimbo ulikuwa unapanda kutoka chini, haujui lolote.

Akainua macho, akamwona bintiye.

Nakijwa alikuwa ameketi kwenye kiti alichowekewa, chini ya turubai lake, mbele ya kipaza sauti chake. Aliinuka. Alivua viatu, akavipanga juu ya kiti, kama mtu aingiaye mahali pa ibada. Kisha akapanda ukingo. Hakukimbia wala hakunyata. Alipofika juu alisimama mahali pa mwana, akamwelekea baba yake, akanyoosha mikono. Hakusema neno.

Wala tusidhani kwamba Senkondo alikuwa shujaa. Aliitazama fimbo yake. Alimfikiria baba yake kaburini. Aliyafikiria maharage ya mkewe na maji ya adhuhuri. Aliona kwamba kuna njia tatu, na kwamba hana muda wa kuchagua hata moja. Angeweza kulishusha karai, tope likarudi chini. Angeweza kupiga kelele, na bintiye akafukuzwa mbele ya macho ya mji. Au angeweza kuendelea na kazi. Ndipo akaiangalia ile mikono iliyonyooshwa. Aliifahamu. Aliishika zamani, ilipokuwa haijajua kushika kitu chochote.

Akampa.

Nakijwa akapokea, akayumba kidogo kwa uzito, akageuka, akampa Mchome. Mchome alikuwa mtu wa maneno machache. Alilitazama karai, akamtazama aliyelishika, akalitazama tena karai. Kisha akalipokea, kwa sababu lilikuwa zito na wimbo ulikuwa umefika penye kupokea. Akampa aliyemfuata. Likaja la pili. Likaja la tatu, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Walio upande wa nje walipokea kutoka kwa Mchome, na Mchome alikuwa mwanamume. Hawakuuliza yeye amepokea kwa nani. Mkono wa Senkondo uliendelea kutetemeka, lakini sasa mikono iliyokuwa ikimngoja iliufuata, ikamkuta karibu, ikambebea uzito kabla haujamwelemea. Msururu ukaenda kwa kasi kuliko asubuhi. Rundo la tope likakua, likachanganyika, tope la kwanza na la mwisho yakawa kitu kimoja chenye kung'aa juani.

Kina mama kwenye mafiga waliona. Waliacha miko ndani ya vyungu. Kisha mama mmoja akaitikia wimbo, polepole, kama mtu anayejisahau. Wa pili akamfuata. Wimbo ule walikuwa wameusikia maisha yao yote kutoka ng'ambo ya ukingo, wakaufahamu neno kwa neno, na hawakuwa wamepata kuuimba siku ya kazi.

Sauti hizo ndizo zilizomfikia Mzee Mrindoko chini ya ndiva. Mzee huyu alikuwa mkuu wa baraza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwa topeni, na kila mwaka alikuwa wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda. Alisikia katika wimbo sauti ambazo hazikuwahi kuwamo, akainua kichwa, akamwona mwanamke juu ya ukingo, mikono yake myeusi hadi viwikoni.

"Simameni!" akasema.

Msururu ukasimama. Mzee Mrindoko akapanda, akitweta, na wazee wengine nyuma yake. Walisimama kando wakanong'ona kwa muda mrefu. Mmoja alisema msururu wote utawanywe. Mwingine alisema kazi imekaribia kwisha na mvua hazingoji. Mwisho wakapata njia iliyoonekana kuwa ya kati. Msichana ateremke. Kondoo achinjwe. Na tope lote lililopitia mikononi mwake litengwe na tope safi, likatupwe korongoni mbali na mji, lisije likazaa ukame. Maana tope la ndiva halitupwi ovyo. Likikauka hugawanywa kwa kila nyumba, likawa mbolea ya maharage.

"Senkondo," Mzee Mrindoko akasema, "wewe ndiwe uliyempa. Tuonyeshe ni lipi."

Kisha akamsogelea, akashusha sauti, na ndani ya sauti hiyo mlikuwa na huruma ya kweli. "Onyesha popote, ndugu yangu. Pale pembeni, fungu dogo tu. Tulitupe, yaishe. Fimbo yako ibaki mahali pake."

Hapo ndipo Senkondo alipoona kina cha jambo. Jana alisema hajui, na alikuwa mkweli. Sasa alitakiwa kunyoosha kidole tu, wala si kidole cha mkono mzima. Hata ule mkono mgonjwa ungetosha. Fungu dogo la tope lingechukuliwa, mji ungelala salama, mama Nakijwa angepata maji ya asubuhi. Na kila mwaka, watu wangepita pale wakisema: ni hapa lilipotengwa tope la mwanamke.

Akatazama rundo. Akatazama mikono ya bintiye, na yake, na ya Mchome, na ya Mzee Mrindoko mwenyewe. Yote ilikuwa na rangi moja.

"Ni lote," akasema. "Kama ni najisi, lirudisheni ndivani."

Wanaume walilitazama rundo, urefu wake na upana wake. Walitazama chini kule walikolitoa, wakaziona saa za mchana zilivyolala humo. Hatimaye mzee mmoja asiye na meno akasema, "Mimi mgongo wangu haurudi kule chini kwa ajili ya mtoto wa mtu." Mwingine akakohoa. Mchome akaanza kuikwangua mikono yake kwa kijiti, kama mtu aliyemaliza kazi.

Mzee Mrindoko akalitazama rundo, kisha akamtazama Nakijwa. Alikuwa ameshika sheria mbili maisha yake yote, na leo moja ilikuwa imekabana na nyingine mbele ya macho yake. Mwanamke amekanyaga ukingo. Lakini ameshika tope. Alitafuta katika kumbukumbu ya wazee waliomtangulia, hakupata neno la kumwokoa. Akaketi chini pale ukingoni, nalo baraza likaketi pamoja naye. Na alipoketi, alijisogeza kidogo, ikabaki nafasi kando yake. Kama alifanya hivyo kwa uchovu au kwa adabu, mwenyewe hakusema.

Nakijwa akasema papo hapo ukingoni, bila kipaza sauti, bado anatweta. Alikuwa amekuja na hotuba ndefu iliyopendwa katika kumbi kubwa, hakuitumia. Aliomba jambo moja: kwamba kila nyumba yenye mwanamke asiye na mwanamume ipewe zamu kwa jina la mwanamke huyo, naye asimame katika msururu kwa mikono yake. Hakuna aliyepiga makofi, maana mikono ilikuwa na tope. Lakini hakuna aliyekuwa anakunywa uji.

Baraza halikukubali siku ile. Fimbo ya mlama alipewa Kiondo, aliyeipokea bila kumtazama baba yake mkubwa usoni. Nyumba ya Senkondo ikapewa zamu ya adhuhuri. Watu walipoanza kutawanyika, mama Nakijwa alimletea bintiye viatu vyake. Alivileta hadi juu ya ukingo, na hakuna aliyekumbuka kumzuia. Akasimama pale, akainama, akaitazama ndiva iliyo tupu kutoka ukuta hadi ukuta. Jioni, mumewe alipomwomba msamaha kwa ajili ya maharage, hakumjibu kuhusu maharage. Alisema tu, "Kumbe chini yake ni tope."

Nakijwa alirejea alikotoka. Mvua zikanyesha kwa wakati wake, na ndiva ikajaa. Wengine walisema ni kwa sababu ya kondoo aliyechinjwa siku ile. Senkondo hakubishana nao. Kila adhuhuri alikaa mwisho wa mfereji pamoja na mkewe, wakiyangoja maji yao machache, akiwa hana fimbo na akiwa na usingizi mzuri.

Na lile rundo lilikauka. Ulipofika wakati wa kupanda, kila nyumba ilikuja na vikapu vyake kuchukua fungu lake, kama ilivyo desturi. Alikuja Mchome. Alikuja Kiondo. Mzee Mrindoko alimtuma mjukuu wake, na mjukuu akarudi akatumwa tena. Mwaka ule maharage ya mji yalizaa vizuri, nao wakala wakashiba.

Basi ninyi mlioketi hapa, ambao nanyi mmekula maharage ya mwaka ule, niambieni: ni punje ipi iliyoota katika tope la mwanamke, na ni nani kati yenu aliyeitema?